Kanuni za Kutenda Zinazochimbuliwa Katika Data, na Madhara Yake

Mabibi na mabwana,

Watafiti wa kompyuta Rakesh Agrawal na wenzake walipochapisha mwaka 1993 utafiti wao juu ya kanuni za uhusiano zinazopatikana ndani ya data, swali kuu lilikuwa la kueleza tu: kitu gani huandamana na kitu gani. Aliyepewa majibu hayo bado alibaki akijiuliza afanye nini. Mwaka 2000 Zbigniew Raś na Alicja Wieczorkowska walipendekeza kanuni za namna nyingine, ambazo hapa nitaziita kanuni za kutenda. Humo sifa za kila rekodi hugawanywa mafungu mawili: zile thabiti, kama mahali pa kuzaliwa, ambazo hakuna awezaye kuzigusa, na zile zinazobadilika, kama riba ya mkopo au kipimo cha dawa, ambazo zimo mikononi mwa mwenye kuamua. Kanuni yenyewe husema, kwa mfano, kwamba kwa wateja wa benki wa kundi fulani, riba ikishushwa, anayeelekea kuhamia benki nyingine atabaki.

Tuitazame kwa karibu. Imeundwa kwa kuunganisha kanuni mbili za kawaida: wenye riba ya juu huhama, wenye riba ya chini hubaki. Ikiwa ya kwanza ni kweli kwa asilimia 90 ya rekodi zinazoihusu na ya pili kwa asilimia 80, njia iliyozoeleka ni kuzizidisha, na uhakika wa kanuni ya kutenda huwa asilimia 72. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hakuna mteja hata mmoja aliyeonekana akishushiwa riba. Tumelinganisha watu wawili tofauti, tukadhani kwamba wa kwanza akipewa riba ya wa pili atatenda kama yeye. Wala hesabu haisemi lolote kuhusu sifa nyingine ambazo hatua hiyohiyo itazisogeza.

Tiba imelipia somo hili kwa uhai wa watu. Ilijulikana kwamba waliopona mshtuko wa moyo wakabaki na mapigo yasiyo na mpangilio hufa kwa wingi kuliko wenzao, na ikaonekana dhahiri kwamba mapigo yakitulizwa vifo vitapungua. Jaribio la Marekani lililojulikana kama CAST liliwachukua wagonjwa ambao dawa ilikwisha kuonekana kuyatuliza mapigo yao, likawagawa kwa bahati nasibu. Kati ya 755 waliopewa encainide au flecainide walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 26. Sifa iliyolengwa ilibadilika kama ilivyokusudiwa, na vifo vikazidi maradufu. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mwaka 1989.

Kwa hiyo madhara hayafai kungojwa mpaka kanuni imekwisha kupatikana. Yanapaswa kuingia katika utafutaji wenyewe wa kanuni ndani ya data. Kwanza tutofautishe badiliko la sifa na kitendo kinachochochea badiliko hilo, kwa kuwa daktari hawezi kushika mapigo na kuyapanga. Anachoweza ni kuandika dawa, na dawa hugusa mengi. Kila kitendo kiandikiwe jedwali la sifa zote kinazozisogeza, likijengwa, inapowezekana, kutokana na rekodi za mtu yuleyule kabla na baada ya kitendo. Kisha utafutaji uitupe kanuni yoyote ambayo kitendo chake huvusha sifa inayolindwa nje ya mpaka uliowekwa. Wapo wanaopendelea kujumlisha faida na hasara katika alama moja. Mimi siafiki, maana jumla ya namna hiyo huruhusu faida ndogo za wengi kufunika dhara kubwa la wachache.

Ugumu uliobaki ni madhara ya nadra. Utafutaji huanza kwa kuweka kizingiti cha idadi ya rekodi, ili kuondoa yanayotokea kwa bahati tu. Kikiwekwa asilimia 5, dhara linalompata mtu mmoja kati ya 1,000 halitaonekana kamwe. Kutoliona nako si ushahidi mkubwa: tukichunguza watu 300 bila kukuta dhara hata moja, kwa uhakika wa asilimia 95 tunaweza kusema tu kwamba kiwango chake hakizidi takriban mmoja kati ya 100. Ndiyo maana kizingiti cha faida na kizingiti cha madhara havipaswi kuwa kimoja, na hiki cha pili kipangwe na wanaojua uzito wa dhara lenyewe, hata kama orodha itajaa tahadhari nyingi ambazo baadaye zitathibitika kuwa si kitu.