Kuhesabu tarehe kwenye JavaScript pale saa zinaposogezwa New York

Haya wadau karibuni, leo ni tarehe tu. Sisi tunaoandika programu tukiwa Dar, Nairobi au Kampala saa zetu hazisogezwi mwaka mzima, ila Marekani Machi wanasogeza saa mbele kwa saa moja na Novemba wanairudisha, kwa hiyo unatesti kila kitu kiko freshi, halafu mteja wa Marekani akifika Novemba anaona kalenda ina Jumapili moja mara mbili na wewe kwako huioni hiyo shida kabisa.

Kwanza fungua teminali, andika TZ=America/New_York node. Hapo Node, yaani programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, inajiona iko New York (TZ ni kanda ya saa), kwenye Linux na Mac inakubali hivyo hivyo. Hii hatua usiiruke jamani, ndo msingi wa yote.

Sasa tengeneza d = new Date(2025, 10, 2), hiyo 10 ni Novemba, miezi inaanzia sifuri. Iongezee milisekunde 86,400,000, yaani masaa 24 kama wengi wanavyofanya. Cheki jibu: bado ni Novemba 2, saa tano usiku! Usiku wa kuamkia Jumapili ile, ilipofika saa nane walirudisha saa ikawa saba tena, basi siku ina masaa 25 na hayo 24 yako hayaivuki.

Dawa ni d.setDate(d.getDate() + 1). Hapa huongezi masaa, unasogeza tarehe, inatua Novemba 3 saa sita usiku kamili, hata mwisho wa mwezi inavuka yenyewe.

Twende Machi sasa, huku ndo pesa zinapotea. Chukua Machi 10, 2025 toa Machi 8, gawanya kwa 86,400,000, unapata 1.958 na kitu, maana tarehe 9 saa zilisogezwa mbele siku ikabaki na masaa 23. Ukipitisha Math.floor, inayoshusha hadi namba kamili ya chini, inakuwa 1, na kama ni mfumo wa hoteli mgeni kalala usiku mbili analipishwa mmoja. Kuna wanaoweka Math.round, inayokadiria hadi namba kamili ya karibu, jibu linatoka sawa ila mi siipendi, kosa umelifunika tu. Mwaka, mwezi na siku ya kila tarehe vipitishe kwenye Date.UTC kwanza ndo utoe, UTC ni saa ya pamoja ya dunia na haisogezwi, unapata 2 kamili.

Kwenye kuhifadhi, kilichokwisha kutokea weka kwa UTC. Miadi ya mbele weka saa ya kule pamoja na jina America/New_York, usiweke -5 (yaani saa tano nyuma ya UTC) peke yake, maana kikao cha saa tatu asubuhi New York kwa Nairobi ni saa kumi jioni mwezi wa saba, na mwezi wa kumi na mbili ni saa kumi na moja. Na sheria zinabadilika pia, Marekani walirefusha kipindi cha saa kuwa mbele mwaka 2007, ukiwa na jina unasasisha data za kanda za saa tu basi.

Ukimaliza rudia testi zote na TZ=Europe/London, wao 2025 walisogeza Machi 30 na Oktoba 26, hizo tarehe ziweke kabisa kwenye testi zako.