Mpira mmoja, mashindano mawili: gofu ya wanawake tunayoitaka Dar

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu. Muda ni mfupi kwa hiyo naingia moja kwa moja, na najua wengi hapa mmeshanisikia nikiongea hili la kuchanganya gofu ya timu na ya mtu binafsi kwenye shindano moja, nitaendelea kuliongea mpaka kamati zetu ziache kutuandalia mashindano ambayo ikifika saa tano asubuhi ya siku ya kwanza nusu ya kina mama wameshajua hawana wanachokitafuta uwanjani.

Hiyo ndiyo shida yetu jamani. Mtu anaambiwa gofu ya wanawake Tanzania haikui kwa sababu wanawake hawajitokezi. Wanajitokeza! Wanatoka Moshi, wanatoka Arusha, wanatoka Morogoro kwa nauli zao, wanalala kwa ndugu, kedi, yule mbeba mfuko wa fimbo, wanamlipa wao, halafu wanafika kwenye viwanja vyetu vya Gymkhana au Lugalo hapa Dar wanakuta mchezaji hodari wa kiwango cha Madina Iddi wetu yupo kwenye droo, dada kashapiga mashimo tisa vizuri, basi. Wewe umeharibu shimo la pili, umepiga nane, na siku mbili zilizobaki unatembea tu juani. Mwakani anarudi? Harudi.

Sasa wenzetu kwenye tour ya wanawake ya Ulaya, yaani mzunguko wao wa mashindano, Ladies European Tour, walianza kitu mwaka 2020 kule Saudi Arabia, kwenye uwanja wa Royal Greens, na 2021 kikawa mfululizo mzima, Aramco Team Series, London, Sotogrande, New York, Jeddah, kila kituo zawadi za dola milioni 1. Mashindano mawili, moja la timu na moja la mtu binafsi, yanachezwa kwa mipira ileile kwa wakati uleule. Naomba mnisikilize hapa taratibu maana hapa ndipo watu huwa wananipotea.

Timu ina watu wanne, mapro watatu, yaani wanaocheza kwa kulipwa, akiwemo nahodha, na mmoja wa ridhaa. Nahodha anachagua pro mmoja mwenyewe, wa pili anapangiwa kwa bahati nasibu, halafu anaongezwa yule wa ridhaa na handikapu yake, yaani mikwaju anayopunguziwa kulingana na uwezo wake. Kila mtu anacheza mpira wake mwanzo mpaka mwisho, hakuna kupokezana. Kwenye kila shimo timu inachukua skoa mbili zilizo bora kati ya zile nne. Basi. Tuseme shimo la pari 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, wewe umeingia kichakani ukapiga saba, mwenzako kapiga nne, mwingine tatu, wa ridhaa tano. Timu inaandika tatu na nne. Saba yako kwenye kadi yako binafsi ipo palepale, hakuna anayekufutia, ila timu haijaumia. Shimo linalofuata wewe ndiye unapiga tatu na wenzako wameharibu, tatu yako inaibeba timu. Kwa hiyo mtu aliyeshaharibu raundi yake bado kila shimo ana kazi, bado anasoma mteremko wa grini kwa makini, bado yumo kwenye kugombea hela.

Yaani dada aliyezidisha pari kwa mikwaju 9 na yule aliye chini ya pari kwa mikwaju 6 wote wawili shimo la 17 wana presha. Nionyesheni shindano letu moja la wanawake lenye hicho kitu.

Na ukitaka kuona utamu wake nenda Sotogrande, Hispania, Agosti 2022. Wale ndugu wawili wa Kimarekani, Jessica Korda na mdogo wake Nelly, wapo kwenye shindano moja timu tofauti. Jessica siku ya kwanza anapiga 61, sitini na moja jamani, uwanja wa pari 72! Watu wote wanasema limeisha hili. Mashindano ya timu mwaka ule yalikuwa siku mbili za mwanzo, na timu ya Jessica ikalichukua kombe. Halafu siku ya mwisho imebaki ya mtu binafsi peke yake, Jessica ile 61 hakuirudia tena, Nelly akatoka nyuma akashinda kwa mikwaju 3 na dada yake akawa miongoni mwa waliomaliza wa pili. Nyumba moja, wikiendi moja, dada kombe la timu, mdogo mtu kombe la binafsi. Ingekuwa mfumo wetu wa hapa, ile 61 ya Jessica ingebaki stori ya kusimuliana klabu. Pale ilikuwa ni kombe.

Mfano mwingine ndio nautumia sana kwa mabinti. London 2021, mtu binafsi alishinda Marianne Skarpnord wa Norway, timu ilishinda ya Olivia Cowan wa Ujerumani, na kwenye timu ile alikuwemo Diksha Dagar wa India. Diksha ni kiziwi, anacheza mkono wa kushoto, na alishashinda South African Women's Open mwaka 2019. Siku ile hakushinda yeye binafsi na hakuwa nahodha, lakini aliondoka bingwa. Binti akisikia hiyo anaelewa kwamba nafasi yake kwenye shindano haianzii na kuishia kwenye jina la kwanza la ubao.

Sasa najua atanyanyuka mtu aniambie gofu ni mchezo wa mtu na mpira wake, mambo ya timu ni kubebana. Huwa nakereka sana na hili. Kubebana wapi wakati kila mtu ana kadi yake na kila mtu anaiona? Ukibebwa inaonekana shimo kwa shimo. Na huu utamaduni wala si wa jana, lile kombe la dunia la timu za wanawake wa ridhaa, Espirito Santo Trophy, lilianza 1964 kule Ufaransa, wachezaji watatu, kila siku zinahesabiwa skoa mbili bora, siku nne. Zaidi ya miaka sitini! Hakuna aliyesema wale si wachezaji wa kweli. Hata Olimpiki ya Los Angeles 2028 wameshaongeza gofu ya timu mchanganyiko wa mwanaume na mwanamke, pembeni ya ile ya mtu binafsi. Dunia imeshaamua, sisi tumekaa tunabishana kwenye kamati.

Kuna mwingine atasema hela ile ni ya Waarabu wa mafuta. Ndiyo, Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, ndiyo ilikuwa inadhamini, na 2025 mfululizo ukaitwa PIF Global Series, PIF ni mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, na mwaka ule zawadi zilikuwa dola milioni 2 kila kituo, isipokuwa Riyadh milioni 5. Maswali kuhusu Saudi Arabia na haki za wanawake ni halali na mimi nayauliza. Lakini kuhesabu skoa mbili kati ya nne si mali ya mtu, hakuhitaji kisima cha mafuta, kunahitaji kalamu na karani anayejua kujumlisha.

Tena si mambo ya mbali. Vipingo hapo Kilifi, Kenya, Ladies European Tour ilifika tangu 2019, akashinda Mjerumani Esther Henseleit, 2023 akashinda Aditi Ashok wa India, 2024 Shannon Tan, Msingapore wa kwanza kushinda kwenye tour ile. Msingapore! Nchi ndogo hivi, binti yao anakuja kuchukua kombe mlangoni kwetu na mabinti wetu wanaangalia kwenye simu.

Muda naona nimeoneshwa kidole, kwa hiyo haya mengine haraka. Hela: nusu iende timu, nusu mtu binafsi, kama walivyofanya wao 2022, na ya timu wagawane mapro, wa ridhaa apewe zawadi ili tusigombane na sheria za ridhaa. Kedi walipwe na shindano, si mchezaji. Suala la vifaa na lile la shule nilitaka kulisema, nitalisema siku nyingine.

Handikapu, ndiyo nimesikia swali hapo nyuma, mama yangu. Handikapu 30 akiwa kwenye timu na mapro watatu siyo tatizo, anapata mikwaju yake kwa mujibu wa ugumu wa shimo, na kuna mashimo yeye ndiye ataiokoa timu, hasa yale marefu anayopewa mikwaju miwili.

Kwa hiyo naomba kamati ya Gymkhana na ya Lugalo zisikae kikao kingine cha kujadili kama tuanze. Tuanze na timu nane, mashimo 36, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, baada ya masika uwanja ukishakauka. Nahitaji manahodha nane leo kabla chai haijaisha. Karatasi ipo kwa dada pale mlangoni, atakayeandika jina lake wa kwanza ndiye anachagua mchezaji wa kwanza.