Giaboksi Imekufa Mlimani Colorado, na Nyumba Nzima Iko Nyuma Yangu

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Leo siko Marekani, niko Ilala, gereji kwa mjomba, na hizo kelele mnazozisikia ni nyundo, mnivumilie. Hii Noah nyuma yangu ni ya mteja, imepandishwa juu ya jeki, inasubiri kushushwa giaboksi. Nikaona hapa ndipo pa kuwamalizia ile stori ya Colorado mnayonidai tangu mwaka jana.

Kwa wageni: trela la kusafiria ni nyumba ya magurudumu isiyo na injini. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, choo. Unaifunga nyuma ya pikapu, safari inaanza. Mama nilipomtumia picha aliuliza kama nimefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga.

Sasa, muuzaji aliniambia pikapu yangu inavuta kilo 3,100 na trela tupu lina kilo 2,300. Hesabu ikakubali. Hesabu ya muuzaji hukubali siku zote. Lakini tupu maana yake tupu, jamani! Jaza maji lita 150, hizo ni kilo 150. Weka mitungi ya gesi, betri, baiskeli za watoto, mchele, na mke wangu hasafiri bila sufuria zake, sitaki ugomvi hapo. Nilikuja kupima baadaye, kwenye mizani ya malori ambayo unaingia kwa hiari yako na kulipa, sio ile ya Vigwaza unayoiingia roho mkononi. Kilo 2,950.

Na kuna kitu sikukijua kabisa. Trela halikai lote kwenye matairi yake. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inakandamiza mkia wa pikapu, kwangu ni kama kilo 350. Hizo zinahesabiwa kuwa mzigo wa pikapu, pamoja na sisi wanne na begi zetu. Kiwango chake kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Nilikuwa nakipita kila asubuhi.

Tukatoka Denver, ambako ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, tukashika barabara ya I-70 kwenda magharibi. Ile barabara inapanda mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,401. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanielewe: hapo umeshakipita kibanda cha Mandara, na unapita na gari. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, yaani ile feni ya kuisukumia hewa, huku juu inapoteza karibu theluthi ya nguvu yake, na mguu wangu ulikuwa chini kabisa kwenye ekseleta.

Ishara ya kwanza niliiona. Niwe mkweli, niliiona. Giaboksi ilikuwa inapanda gia, inashuka, inapanda, inashuka, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Kulikuwa na kitufe cha kuvutia mizigo, kinachoizuia isikimbilie gia za juu. Sikukibonyeza. Nilikuwa nawarekodia ninyi milima. Ishara ya pili, mshale wa raundi, unaoonyesha injini inazunguka kasi gani, unapanda lakini gari halipandi. Ya tatu, harufu.

Ngoja niwaeleze kilichokuwa kinatokea mle ndani, maana mjomba amenifundisha hapa hapa kwenye hili benchi. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, na ichukulie kama mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili. Moja linazungushwa na injini, linasukuma oili, oili inazungusha la pili. Barabara tambarare yanakwenda karibu sawa, na kuna kufuli linayashika pamoja. Mlimani na mzigo mzito kufuli linaachia, la kwanza linazunguka mbio, la pili linasuasua, na ile tofauti yote inageuka joto. Oili ikiwa nyuzi 80 au 90 hivi, iko salama. Mafundi wana kanuni yao: kila nyuzi 10 zinazozidi, uhai wa oili unakatika nusu. Ukifika 120 na kuendelea sili zinaanza kukakamaa. Ukikaribia 150, klachi pleti, zile sahani za ndani ya giaboksi zinazoshika gia, zinaungua, na hapo hata ukipoa umechelewa.

Kwa hiyo umbali hauhusiki sana. Nilikuwa nimeshavuta trela lile safari ndefu za tambarare bila shida. Dakika 20 za mlima zikatosha.

Baada ya Silver Plume moshi ukatoka chini. Oili ilikuwa imechemka, ikatokea kwenye tundu la kupumulia, ikadondokea ekzosi. Nikaegesha pembeni, nikazima injini. Kuzima, nikitazama nyuma, lilikuwa jambo la sawa kwa sababu ya ule moshi, oili juu ya ekzosi inaweza kuwaka. Lakini kosa langu lilikuwa nyuma ya hapo: nilitakiwa nisimame kwenye harufu ya kwanza, kabla ya moshi, niweke N, yaani gia huru, niache injini inanguruma kidogo ili pampu iendelee kupeleka oili kwenye kipozeo. Baada ya nusu saa nikawasha. D, haiendi. R, haiendi. Inalia tu kama blenda.

Jambo moja tulilifanya vizuri, na sifa ni za mke wangu. Kabla hajaniuliza chochote, alishuka akaweka kabari kwenye matairi ya trela. Giaboksi imekufa, mlima uko vile, watoto wako ndani. Usiiamini P, ile gia ya kuegesha, peke yake.

Kule saa nane mchana, huku Dar saa tano usiku. Nikampigia mjomba.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mjomba, mbona saa hizi?"

Akaniambia nichomoe kijiti cha oili nipanguse kwenye tishu nyeupe. Rangi gani? Nikasema nyeusi. Ingekuwa ya pinki yenye maziwa, alisema, maji ya rejeta yameingia. Inanuka nini? Nikasema ubwabwa ulioungua chini. Akanyamaza.

"Inna lillahi," akasema. "Usihangaike kuongeza oili."

Bima yangu ililipa bredauni ya pikapu. Ya trela, hapana. Nenda kasome karatasi zako kama uko kule na unavuta kitu. Bredauni ya pili nikalipa mwenyewe, tukashushwa kwenye maegesho pale Georgetown, mji mdogo, na tukalala humo humo. Gari limekufa lakini vitanda tunavyo. Maharage tu ndiyo yaligoma. Ule mwinuko maji yanachemkia kama nyuzi 91, tulichemsha mpaka gesi ikatutisha. Giaboksi iliyofanyiwa ukarabati ilinigharimu dola 4,800 na kazi yake, na safari hii nikafungiwa kipozeo kikubwa na geji ya joto la oili. Trela nimeliuza.

Sasa hii Noah. Najua mnasema huku hakuna anayevuta nyumba. Sawa. Hii ilikufa pampu ya mafuta tu, huko Kimara. Wakaivuta kwa kamba mpaka hapa, matairi yote chini, injini imezimwa. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikilala, matairi yanazungusha vyuma mle ndani vikiwa vikavu. Njia nzima ya Morogoro Road, foleni na zote. Mwenye gari alikuja na bili ya pampu, leo anadaiwa giaboksi, na amekaa pale kwenye kiti cha plastiki hataki kuonekana kwenye video.

Mjomba ananiita. Anasema nisogee na kamera yangu, wanataka kumwaga oili, kisha nije ninuse.

Ubwabwa, wallahi. Ule ule.