Nyota Akiondoka, Nani Anarusha Mpira?

Mhadhara kwa makocha na wachezaji vijana wa mpira wa kikapu, Mtwara

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mlioketi hapo mbele, shikamooni. Makocha wenzangu kutoka Lindi, Masasi na Newala, karibuni Mtwara na poleni na safari. Na nyinyi vijana mliosimama dirishani, ingieni ndani, nafasi zipo.

Niliombwa nizungumzie kukuza vipaji. Mniwie radhi, leo nitazungumzia kipaji kinapoondoka. Wengi humu mnajua kwa nini. Kijana wetu, aliyekuwa akitufungia karibu nusu ya pointi zetu miaka yote hii, amepata timu Dar es Salaam. Nimemwombea dua, na nitaendelea kumwombea. Lakini tangu apande basi nasikia neno moja, kuanzia Shangani mpaka Ligula: timu imekufa. Nimelisikia kwa wazazi, nimelisikia sokoni. Wiki iliyopita nimelisikia kwa mchezaji wangu mwenyewe, aliyekuja mazoezini bila raba kwa sababu hakuona haja ya kuja nazo. Usiku ule sikulala vizuri, na haya ninayoyasema leo nimeyaandaa kwa ajili yake.

Nataka niwapeleke Chicago, Marekani. Fulana za Chicago Bulls mnazijua, zimejaa kwenye mitumba tangu hamjazaliwa, nyekundu, zina kichwa cha fahali na namba 23 mgongoni. Mwenye namba hiyo ni Michael Jordan. Timu ile ilimpoteza Jordan mara mbili. Msimu wa kwanza bila yeye ilishinda mechi 55 na kufungwa 27. Mara ya pili alipoondoka, ilishinda 13 na kufungwa 37. Aliyeondoka ni mtu yuleyule, katika timu ileile na mji uleule. Mtu akiniambia kwamba timu hufa nyota akiondoka, mimi humuuliza: unasema ya kuondoka mara ipi?

Tuanze na ile ya kwanza. Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu kijana hapahapa Mtwara. Nyinyi mmekua mkiiona barabara. Wakati ule Rufiji haikuwa na daraja; Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo Kusini yetu ilikuwa kama kisiwa. Habari ya Jordan kuacha mpira niliisoma kwenye gazeti la siku nyingi lililofungiwa mzigo wa duka. Nililikunjua taratibu nikalisoma nimesimama. Bulls walikuwa wametwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1991, 1992 na 1993. Baba yake Jordan alikuwa ameuawa Julai ile. Tarehe 6 Oktoba, msimu ukikaribia kuanza, akatangaza kwamba anaacha. Ana miaka 30. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga wastani wa pointi 32.6 kila mechi. Hebu jiwekeeni jambo hilo hapa kwetu: imebaki kama mwezi mmoja mechi zianze, na pointi 32 zako za kila siku zimeondoka.

Kocha wao, Phil Jackson, alifanya nini? Alimpa nafasi ile Pete Myers. Nyoosheni mikono mnaomjua Pete Myers. Naona mkono mmoja, wa mzee. Myers alikuwa mchezaji wa kuhangaika, ametoka timu hii kwenda ile, na msimu uliotangulia alikuwa anacheza Italia. Alicheza mechi zote 82 za msimu wa kawaida na akafunga wastani usiofika pointi 8.

Sasa fanyeni hesabu. Kutoka 32 mpaka 8, pengo ni pointi 24 na zaidi. Nani aliliziba? Scottie Pippen alipanda kutoka 18.6 hadi 22. Horace Grant akaongeza karibu mbili, B.J. Armstrong akaongeza zaidi ya mbili. Toni Kukoč, mgeni kutoka Kroatia, akaleta karibu 11. Steve Kerr akaja akawa anafunga kutoka mbali. Lakini kwa timu nzima pengo halikuzibika, na hapa ndipo nataka makocha mnisikilize vizuri. Timu nzima ilishuka kutoka pointi 105 hivi kwa mechi hadi kama 98. Walipungukiwa pointi saba. Wakazitafuta wapi? Kwenye ulinzi. Mwaka uliotangulia walikuwa wanafungwa kama 99 kwa mechi. Mwaka ule wakafungwa 95. Hawakujaribu kufunga kama Jordan. Walikimbia kurudi nyuma, waligombea ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, walimsaidia mwenzao aliyepitwa. Na ulinzi, vijana wangu, hauhitaji uzaliwe na urefu wa Hasheem Thabeet. Miguu yenu hii ya kupanda vilima vya Newala inatosha.

Jambo la pili ni mfumo. Bulls walicheza mtindo wa pembetatu, ambao mlezi wake alikuwa mzee Tex Winter, msaidizi wa Jackson. Wachezaji watatu wanajipanga upande mmoja wa uwanja wakiachana vizuri, wawili wanabaki upande wa pili. Hakuna anayeambiwa kabla ya mechi kwamba wewe ndiye utakayefunga. Mpira unatoka, kila mmoja anatazama mlinzi amesogea wapi, na pasi inakwenda pale mlinzi alipopaacha wazi. Ni mtindo mgumu, unachukua muda kuingia kichwani. Jordan mwenyewe mwanzoni hakuupenda, kwa sababu ulimtaka auachie mpira. Lakini miaka ile aliyouachia, wenzake walikuwa wanajifunza kazi. Alipoondoka, walikuwa wameshaijua.

Niwaulize makocha wenzangu, na najiuliza na mimi mbele yenu: miaka yote tuliyokuwa na kijana wetu, wenzake walikuwa wanajifunza nini? Mimi nilikuwa nikipiga kelele, mpeni, mpeni, mpeni mpira. Tulishinda. Na wanne waliobaki walijifunza kumpa mtu mmoja mpira, basi.

Msisahau kwamba hata Bulls walitikisika. Pippen aliumia mapema, akakosa mechi kumi; katika hizo walishinda nne na kufungwa sita. Mechi 72 alizocheza msimu ule walishinda 51. Februari 1994 wakapeleka watatu kwenye mechi ya nyota, Pippen, Grant na Armstrong, na Pippen akawa mchezaji bora wa mechi ile. Hao watatu watu waliwaita wasindikizaji wa Jordan.

Ila sikuja kuwasimulia sifa tupu. Nataka nikae kwenye sekunde moja nukta nane, maana humo kuna jambo linalotuhusu kuliko hizo mechi 55.

Ni Mei 1994, hatua ya mtoano, Bulls na New York Knicks, atakayetangulia kushinda mechi nne kati ya saba anasonga mbele. Knicks wameshinda mechi mbili za mwanzo. Mechi ya tatu, Chicago, matokeo ni 102 kwa 102, saa imebakiza sekunde 1.8. Jackson anaita mapumziko, anachora. Mpira wa mwisho atapiga Kukoč. Pippen atasimama nje ya mstari na kuurusha ndani. Pippen, aliyeibeba timu msimu mzima, aliyengoja miaka sita nyuma ya mgongo wa Jordan ili siku moja mpira wa mwisho uwe wake, akakaa kwenye benchi. Akakataa kuingia.

Nimewauliza vijana wengi wangefanya nini, na wengi wananijibu haraka kwamba wangeingia. Msijibu haraka. Ile hasira naielewa. Mtu amefanya kazi ya wawili mwaka mzima, kisha mbele ya ukumbi uliojaa anaambiwa, wewe rusha, mgeni apige. Inauma. Na bado naamini alikosea, na kosa lile lilikuwa kubwa. Jackson alikuwa na sababu: Kukoč alikuwa ameshawaokoa kwa mitupo ya mwisho zaidi ya mara moja msimu ule, ni mrefu, anapiga juu ya mlinzi. Na mrushaji hana kazi ndogo. Ana sekunde tano tu za kuuachia mpira. Saa haianzi mpaka mpira uguswe ndani ya uwanja, kwa hiyo pasi ikimkuta mpokeaji kifuani, ameshageuka nusu, sekunde 1.8 zinatosha kupiga. Ikimkuta magotini, hazitoshi. Jackson alipomchagua Pippen arushe, alimpa kazi hiyo kwa sababu hakuwa na mpigaji pasi bora kuliko yeye. Pippen aliiona kuwa dharau.

Jackson aliita mapumziko tena, akamwingiza mwingine arushe. Mnajua ni nani? Pete Myers. Yule yule. Myers akarusha, Kukoč akadaka, akageuka, akapiga. 104 kwa 102.

Wameshinda, na ndani ya chumba cha kubadilishia nguo hakuna shangwe. Bill Cartwright, mzee wa timu, mtu mkimya, akasimama akazungumza na Pippen mbele ya wote, huku machozi yanamtoka. Kocha alikuwa na haki ya kufoka, lakini aliyesema alikuwa mchezaji mwenzao, aliyekaribia mwisho wa safari yake, aliyeona nyumba waliyoijenga pamoja inapata ufa. Kila timu inahitaji mtu wa namna hiyo, na huwezi kumtangaza kwa barua. Anajulikana siku ya ufa.

Mechi ya nne Pippen alicheza kama mtu anayelipa deni, wakashinda 95 kwa 83. Ya tano walikuwa mbele kwa pointi moja, sekunde chache zimebaki, Pippen akapewa faulo ambayo watu wanabishania mpaka leo. Knicks wakafunga mitupo yote miwili, 87 kwa 86. Ya sita wakashinda, ya saba wakatolewa. Sitaki kukaa kwenye hiyo faulo. Timu iliyozikwa Oktoba ilikuwa bado inagombana na Knicks Mei, mpaka mechi ya saba.

Sasa ile mara ya pili, na hii nitaipita upesi kwa sababu inanihuzunisha. Jordan alikuwa amerudi, na mwaka 1998, baada ya ubingwa wa sita, hakuondoka peke yake. Jackson aliondoka. Pippen akaenda Houston, Rodman akaenda Lakers, Kerr akaenda San Antonio, Longley akaenda Phoenix. Jordan akatangaza kuacha Januari 1999. Msimu ulikuwa mfupi, mechi 50, na walishinda 13. Aprili 1999 walicheza na Miami wakafunga pointi 49 mechi nzima. Arobaini na tisa, Chicago Bulls! Na angalieni jambo hili: mzee Winter alikuwa bado yupo msimu ule, na pembetatu ilifundishwa. Kukoč alikuwapo, akaiongoza timu kwa pointi, ribaundi na pasi. Michoro ilikuwa ileile ubaoni. Waliokuwa wakiisoma michoro hiyo kwa macho yaliyozoeana ndio hawakuwapo.

Wazee wangu hapa ni wakulima wa korosho, watanielewa. Mkorosho uliozeeka, usiozaa vizuri, wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele walitufundisha tuukate, tuliache shina lichipue, kisha machipukizi tuyabebeshe vikonyo vya mbegu bora. Mwaka wa kwanza shamba linatia huruma, jirani anakucheka. Lakini mizizi ipo chini, imeshika maji ya miaka thelathini. Baada ya muda mfupi unaokota. Ukiung'oa na kisiki chake, unaanza na mche, na unangoja kama yule anayefyeka pori leo. Chicago ya mwaka 1993 ilikatwa tawi kubwa, shina likabaki. Ile ya 1998 waling'oa.

Sisi tumekatwa tawi. Nimewahesabu: wanane mliokuwa naye mko humu ndani. Mnajuana. Mnajua nani anapitwa kushoto, nani anachoka robo ya tatu, nani akikasirika ananyamaza. Viongozi wetu, nawaomba kwa heshima zote, msimu huu msituletee wageni sita ili kupata nyota mpya kwa haraka. Mkiwa na fedha, tununulieni mipira na mtutengenezee ule ubao wa upande wa bahari uliolika kwa chumvi. Na wazazi, msimwite mtoto yeyote "yule mpya" kwa jina la aliyeondoka. Myers hakuwa Jordan, hakuna aliyemdai awe Jordan, na siku ile alipohitajiwa alikuwa tayari mstarini, mpira mkononi.

Nimemaliza, maswali yatafuata baada ya chai. Wachezaji wangu, Jumanne saa kumi jioni mazoezi. Hatutaanza na kupiga. Tutaanza na kurusha mpira kutoka nje ya mstari, kila mmoja mara hamsini, pasi imkute mwenzake kifuani. Na wewe uliyekuja bila raba, utarusha wa kwanza.