Korongo Huanzia Kileleni

Mwenyekiti, ndugu zangu wana matembezi wa Kigoma, asanteni kwa kunikaribisha. Mada hii ya korongo la jangwani mmeniletea kwa sababu vijana wetu wawili wanakwenda kusoma Arizona, Marekani, na wameshaapa kwamba likizo ya kwanza ni Grand Canyon, lile korongo kubwa la huko. Vizuri. Ila nawajua, miguu yenu imelelewa Gombe, na Gombe itawadanganya.

Gombe unashuka kwenye boti ziwani, mita kama 773 juu ya usawa wa bahari, unaanza kupanda. Vilele vya juu vinapita mita 1,600. Ukichoka katikati, magoti yatakwambia geuka, na kurudi ni mteremko. Kule mnaanzia ukingoni, mita 2,100 hivi, asubuhi ya baridi, nguvu tele, na njia yateremka yenyewe. Hakuna kinachokwambia geuka. Wakati unapogundua umechoka, mlima wote bado unakusubiri na jua liko utosini.

Sasa hesabu. Njia ya Bright Angel, kutoka ukingoni hadi Havasupai Gardens penye miti, ni kilomita 7.2, na mnashuka mita zipatazo 930. Kwenda na kurudi, kilomita 14 na nusu. Kwa mtu anayetoka Ujiji kwa miguu kuja mjini, hilo si neno. (Kicheko.) Kazi iko kwenye zile mita 930 za kupanda mchana. Wazoefu wa kule hutenga saa mbili za kupanda kwa kila saa moja ya kushuka. Kwa hiyo kama siku yenu ni ya saa sita, saa ya pili ya kushuka ikitimia mnageuka, hata kama miti inaonekana pale chini. Hasa ikiwa inaonekana pale chini! Hapo ndipo mtu anapowaambia wenzake "bado kidogo tu".

Kwa mara ya kwanza, ishieni kibanda cha mapumziko cha maili moja na nusu: kilomita 4.8 kwenda na kurudi, mita 340 za kushuka. Mwenye mazoezi afike kibanda cha maili tatu, karibu kilomita 10 kwa jumla. Hiyo ndiyo siku ya wastani. Habari ya kugusa mto Colorado, ulio chini kabisa ya korongo, na kurudi siku hiyo hiyo, wenye hifadhi wenyewe wanawasihi watu wasijaribu.

Jambo la joto nalo liko kinyume na mlima wetu: kadiri unavyoshuka, ndivyo linavyopanda. Kiangazi, kule chini hupita nyuzi 40. Ndiyo maana miezi hiyo wanashauri watu wasiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Nendeni Aprili au Oktoba. Halafu hewa ni kavu mno. Hapa kwetu shati likilowa unajua umetoka jasho. Kule jasho hukauka kabla hujaliona, unadhani mwili uko salama kumbe unaishiwa maji.

Basi mtu akisikia hivyo, anabeba maji na kuyabugia tu. Hapana. Ukinywa maji mengi matupu huku chumvi inatoka kwa jasho, damu inazimuka: kichwa kinauma, unatapika, unaanza kuongea ovyo. Watu wamekufa hivyo, chupa mkononi. Kunywa ukisikia kiu, na kila unapokunywa, tafuna kitu chenye chumvi. Karanga za chumvi zinatosha kabisa. Sisi tuliokula chumvi ya Uvinza tangu utotoni hatuhitaji kubembelezwa hapo. Mabomba yapo njiani, lakini mengine hufungwa majira ya baridi, na bomba kuu hupasuka mara kwa mara. Ulizeni asubuhi ileile, na bado mbebe ya kwenu.

Mkisafiri Julai hadi Septemba, ni msimu wa radi. Tarehe 12 Agosti 1997, Antelope Canyon, lile korongo jembamba la Arizona, mafuriko yaliua watalii 11. Mvua ilinyesha mbali, wao walipokuwa hapakuwa na dalili kubwa. Korongo jembamba usiliingie kwa kuangalia mbingu iliyo juu yako peke yake.

Mkikutana na msafara wa baghala, wale chotara wa punda na farasi, wapisheni ninyi mkiwa upande wa ukuta, kamwe si upande wa ukingo wa bonde, mkasimame kimya mpaka mwisho wa msafara upite.

Dada wa nyuma ameuliza viatu. Buti au raba ngumu, zilizozoea mguu wako, si mpya za dukani jana. Usiku wa kabla kata kucha za vidole vya miguu, kwa sababu kwenye mteremko vidole vinagonga mbele hatua baada ya hatua, na kucha ndefu hung'oka. Na kabla ya kuanza kushuka, kaza kamba sana pale kifundoni, ili kisigino kikae nyuma.