Kuuvunja Mchoro Vipande: Mhadhara kuhusu Maswali ya Mfululizo wa Maumbo, Kisumu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliotoka Kondele, Ahero, Maseno na hata Kakamega, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie maswali ambayo huwatoa jasho watahiniwa wengi wanaoitwa kwenye usaili wa kazi au wanaoomba ufadhili wa masomo. Visanduku vinne au vitano vimepangwa safu moja, kila kimoja kina mchoro, na mtahiniwa anatakiwa achague, kati ya michoro mitano iliyowekwa chini, ule unaoiendeleza safu hiyo. Hapana sentensi ya kusoma wala hesabu ya kuandika, na nadhani ndiyo sababu wengi huamini kwamba swali la namna hii ama unaliona ama hulioni. Mimi siamini hivyo. Swali hili hutatuliwa kwa kuuvunja mchoro vipande na kukifuata kila kipande peke yake mpaka mwisho wa safu, na kazi hiyo hufundishika.

Majaribio yenyewe hayakuanza jana. Mwaka 1938 mwanasaikolojia Mwingereza, John C. Raven, alichapisha jaribio la michoro lenye maswali 60, yaliyogawanywa katika seti 5 za maswali 12, kila seti ikianza na mepesi na kuishia na magumu. Majeshi ya Uingereza yalilitumia kuwapima makuruta wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na maswali ya ukoo huo yangali yanatumika hadi leo katika mitihani ya kuingia baadhi ya shule za sekondari huko Uingereza. Mwaka 1990 watafiti watatu wa Marekani, Patricia Carpenter, Marcel Just na Peter Shell, walichapisha uchunguzi wao wa namna watu wanavyoyatatua maswali ya Raven. Waliona kwamba kanuni zinazotumika ni chache, na nyingi si ngumu. Kinachomwangusha mtu ni idadi ya kanuni anazolazimika kuzishika akilini kwa wakati mmoja. Anayefaulu huzitoa moja moja. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatende hapa ubaoni.

Tazameni visanduku hivi vinne. Katika cha kwanza kuna mshale unaoelekea juu, nukta katika kona ya juu kushoto, na kiduara cheusi katikati. Katika cha pili mshale umeinama katikati ya juu na kulia, nukta imeshuka kona ya chini kushoto, na kiduara ni cheupe. Katika cha tatu mshale unaelekea kulia, nukta iko chini kulia, kiduara ni cheusi tena. Katika cha nne mshale umeinama katikati ya kulia na chini, nukta imepanda juu kulia, kiduara ni cheupe. Mtu anayejaribu kuyaona haya yote kwa pamoja hupata kizunguzungu, kwa kuwa mshale unafuata mwendo wa mikono ya saa ilhali nukta inakwenda kinyume chake.

Basi uzibe mshale kwa kidole na uitazame nukta peke yake: juu kushoto, chini kushoto, chini kulia, juu kulia. Kona ni nne, kwa hiyo katika kisanduku cha tano itarudi ilikoanzia. Kabla hujaugusa mshale, shuka kwenye majibu na ukate kila mchoro ambao nukta yake haiko juu kushoto. Mara nyingi hatua hiyo moja huondoa majibu mawili au matatu. Kisha mshale: kila mara umezunguka nyuzi 45, hivyo sasa utaelekea chini. Kiduara kinabadilishana rangi, nacho kitakuwa cheusi. Ninasisitiza kwamba kila kanuni itamkwe kwa maneno, hata kama ni kwa kunong'ona, kwa maana kanuni isiyotamkika bado ni hisia tu, na wanaotunga majibu ya uongo wanazijua hisia zetu vizuri kuliko sisi wenyewe.

Sipendi kuwapa orodha ndefu ya kanuni za kukariri, kama vifanyavyo vitabu vingi vya mazoezi. Vitu vinavyoweza kubadilika ni idadi, ukubwa, rangi, mahali, mwelekeo na umbo lenyewe, basi. Lakini iko mitego michache inayostahili muda wetu.

Mtego wa kwanza ni hatua zisizolingana. Mkono wa saa uko kwenye 12, kisha 1, kisha 3, kisha 6. Mwenye haraka huona kwamba umeruka tatu mara ya mwisho, akaongeza tatu nyingine na kuchagua 9, na hapana shaka 9 imewekwa pale ikimsubiri. Hatua zenyewe ni moja, mbili, tatu. Inayofuata ni nne, na jibu ni 10. Mtego wa pili ni mifululizo miwili iliyosukwa pamoja, ambapo visanduku vya kwanza, tatu na tano vina pembetatu, mraba na umbo la pande tano, huku cha pili na cha nne vikiwa na duara lenye mstari mmoja, kisha miwili. Kisanduku cha sita hakihusiani na cha tano hata kidogo. Kitakuwa na duara lenye mistari mitatu. Ukiona majirani hawaelewani, ruka kimoja.

Wa tatu ndio unaowatesa wengi zaidi, nao ni kuzungusha na kupindua. Patipati ya mguu wa kushoto, uizungushe sakafuni utakavyo, haigeuki kuwa ya kulia, na hali ni hiyo hiyo kwa herufi F. Ukikutana na F ambayo vijiti vyake vimekaa upande usiopatikana kwa kuzungusha, basi imepinduliwa, na ikiwa safu nzima ilikuwa ikizunguka tu, jibu hilo likate bila huruma. Kama karatasi iko mkononi, igeuze. Sijawahi kusikia kanuni inayokataza. Kwenye kompyuta, chora F kwenye karatasi ya rafu na uizungushe hiyo.

Mzazi mmoja ameniuliza kabla ya kikao kama mtoto asiyezaliwa na kipaji hiki anapoteza muda wake. Nitamjibu kwa mambo mawili. Watafiti waliwapima watoto wa Embu kwa michoro ya Raven mwaka 1984, na kundi jingine la watoto wa huko huko mwaka 1998, wakakuta alama zimepanda sana. Miaka 14 haitoshi kubadilisha damu ya watu. Watafiti waliwaza zaidi juu ya lishe, afya na elimu ya wazazi. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga mifano. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia ndio waliotangulia. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa akizijua nyavu na mafundo yake anayo macho ya mfuatano tayari, ila hajazoea kuyatumia kwenye karatasi.

Kuhusu muda nina machache. Swali likikukatalia, liwekee alama uendelee, maana la mwisho huenda likawa na alama sawa na hilo. Ikiwa hapana adhabu kwa jibu lisilo sahihi, usiache pengo: kubahatisha kati ya majibu matano kunakupa nafasi moja kati ya tano, lakini ukiwa umekwisha kukata matatu, nafasi ni nusu kwa nusu.

Mazoezi ninayoyapendelea ni ya kutunga. Chagueni kanuni mbili, mchore visanduku vinne, kisha mtunge majibu matano: moja sahihi, mawili yanayovunja kanuni ya kwanza tu, na mawili yanayovunja ya pili. Karatasi zenye miraba ziko pale mezani karibu na mlango. Fanyeni wawili wawili, mbadilishane, nami nitapita kuangalia.