Mbuzi ya nazi imefika Paris

MWANAISHA: Haya jamani karibuni tena. Leo tuna mambo matatu kwa wanaotafuta hosteli za kimataifa, nimeyaandika kabisa, kwa hiyo shoga yangu Rehema usinitoe njiani.

REHEMA: Hamna, anza na mbuzi. Picha umenitumia Jumamosi usiku, nimekaa nayo mpaka leo.

MWANAISHA: Basi nieleze upesi. Nilikuwa na hamu ya wali wa nazi, ule wa tui la kukuna, si la kopo. Nikapanda tramu mpaka wilaya ya 13 hapa Paris kwenye maduka ya Wachina na Wavietnam, nazi zipo. Kurudi nikakuta jiko la ghorofa yetu liko tupu, nikakunjua mbuzi yangu nikaketi nakuna zangu taratibu. Mara anaingia binti wa Thailand, akapiga ukelele! Palepale kampigia mama yake video, mama naye kaingia ndani mbio kutuletea ya kwao, imechongwa umbo la sungura, na masikio yake.

REHEMA: Sungura?

MWANAISHA: Sungura kabisa, unamkalia mgongoni. Kabla hatujamaliza kushangaa kaja kaka wa Kerala anasema hata bibi yake anayo, akaja Mfilipino naye wanayo, kila mmoja anataka kukaa akune. Nazi mbili zikaisha nikiwa nimesimama pembeni, wali wangu wamepika wao.

REHEMA: Subiri kwanza. Mbuzi ilipitaje uwanja wa ndege na yale meno?

MWANAISHA: Kwenye sanduku la chini, nimeifunga kwenye khanga.

REHEMA: Yaani mimi viza nimenyimwa, mbuzi imepita.

MWANAISHA: (anacheka) Ina bahati zake.

REHEMA: Na kifumbu je? Usiniambie tui umechuja kwa kitambaa.

MWANAISHA: Chujio la chai.

REHEMA: Mwanaisha! Na machicha ukatupa?

MWANAISHA: Mfilipino kayachukua, kasema atayafanyia vitafunio. Sasa niache niseme, maana ndo hapo nilipotaka kufika. Hii Cité internationale ninayokaa, yaani mtaa wa nyumba za wanafunzi wa nchi mbalimbali, haikuota tu kama uyoga. Vita vya kwanza vya dunia vimekwisha, waziri wa elimu André Honnorat akaungana na tajiri mmoja, Émile Deutsch de la Meurthe, wakaanza kujengea wanafunzi, nyumba za kwanza zikafunguliwa 1925. Leo ni hekta 34, nyumba zaidi ya 40, nchi nyingi zina yake, Moroko, Japani, Brazili, Kambodia. Sisi Watanzania hatuna. Ila kuna utaratibu wa nyumba kubadilishana wakazi ili Wamoroko wasijifungie na Wamoroko wenzao, na ndo maana mimi wa Tanga nikajikuta jiko moja na huyo binti.

REHEMA: Mimi hapo sikubaliani na wewe. Kilichowakutanisha ni nazi. Hata ungekuwa hosteli ya kawaida yenye jiko la pamoja angeingia tu. Hizi nyumba zenye bendera zinamfanya mtu balozi saa 24, kila chakula unaulizwa habari za kwenu, unachoka! Sisi chuo kikuu Mlimani, Dar, hatukuwa na nyumba ya kimataifa. Museveni wa Uganda alikuja Dar 1967, yeye na wenzake wakaanzisha ule umoja wao wa wanafunzi wa mapinduzi ya Afrika. John Garang, yule kiongozi wa wapiganaji wa Sudan Kusini, alimaliza chuo Marekani 1969, akapata nafasi ya kuendelea Berkeley, chuo kikuu cha hukohuko California, akaiacha, akaja Mlimani. Nani aliwawekea bendera mlangoni? Walifuata moto wa Dar, Frelimo wapigania uhuru wa Msumbiji wako hapa, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iko hapa.

MWANAISHA: Umeitaja Berkeley mwenyewe. Kule nyumba ya kimataifa ilifunguliwa 1930, na mpango ulipotangazwa walikusanyika watu zaidi ya 800 kuupinga, hawataki Mweusi na Mzungu wakae paa moja. Aliyesimama kuutetea ni Delilah Beasley, mwandishi Mweusi wa gazeti la Oakland. Ungewaachia wenyewe kwa wenyewe wangekutana wapi, na wenye nyumba walikuwa hawampangishi mtu wa rangi?

REHEMA: Hapo palikuwa na ukuta, wakauvunja, nawaheshimu sana. Leo Paris ukuta uko wapi?

MWANAISHA: Upo! Tafuta chumba hapa una jina kama langu, halafu huna mdhamini wa kodi Mfaransa, uone. Na hiyo Mlimani yako nayo ilipangwa. Shule ya sheria ya Afrika Mashariki yote iliwekwa Dar, Mkenya na Mganda wakitaka sheria lazima waje. 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikagawanywa, kila nchi ikabaki na chake. Tangu hapo wewe umesoma na Waganda wangapi?

REHEMA: Wachache, sawa, lakini waliopanga walipanga sheria, hawakupanga urafiki. Urafiki ulianzia kwenye foleni ya chakula na mabishano ya usiku.

MWANAISHA: Na foleni ingetoka wapi?

REHEMA: Shoga, hapa tutalala. Mimi nasema shughuli kwanza.

MWANAISHA: Na mimi nasema paa kwanza, sitoki hapo.

REHEMA: Usitoke. Ila hujaniambia, meno ya mbuzi yakiisha makali huko utanoa wapi?

MWANAISHA: Kaka wa Kerala ana tupa.

REHEMA: Kasafiri na tupa?!

MWANAISHA: Anasoma uhandisi, usimseme. Eeh, angalia saa, hapa studio wananipungia mkono wengine waingie. Yale mambo matatu!

REHEMA: Soma hata moja.

MWANAISHA: La mdhamini basi, maana ndo wengi wanakwama. Kwa Ufaransa kuna dhamana ya kodi ya nyumba inaitwa Visale, wanafunzi wa nje nao wanaruhusiwa, unaombea mtandaoni kabla hujasaini mkataba, kabla, msisaini kwanza halafu…

REHEMA: Wanagonga mlango, nawasikia mpaka huku.

MWANAISHA: Mengine wiki ijayo. Tunatoka jamani, tunatoka!